Wakili wa kazi, ajira na elimu Marekani: ni fani moja kweli?

Mwanafunzi_Sheria: Habari zenu wakuu. Nasoma sheria huku Marekani. Kwa nini ofisi nyingi za mawakili zinaweka kazi, ajira na elimu idara moja?

Wakili wa Shule: Karibu, mdogo wangu. Ni kwa sababu wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo, ni mwajiri. Mimi nawatetea waajiri hao: asubuhi najadiliana mkataba na chama cha walimu, mchana nipo kwenye kikao cha mtoto mwenye ulemavu na wazazi wake. Hicho cha pili ndicho kinachonigusa zaidi. Tangu 1975 sheria ya shirikisho inampa mtoto huyo haki ya elimu inayomfaa, bila malipo, na mzazi akija ameshika faili la ripoti za madaktari, usimjibu kwa vifungu tu. Msikilize kwanza.

Jambo ambalo wengi hulikosa: sheria ya mahusiano kazini ya 1935 haiwagusi watumishi wa umma. Mwalimu wa shule ya umma analindwa na sheria za jimbo lake, na majimbo hayafanani hata kidogo. Kwingine mgomo unaruhusiwa, kwingine ni marufuku. Anzia hapo.

Mama Haki: Mimi nipo upande wa wafanyakazi. Jifunze mipaka ya muda mapema: malalamiko ya ubaguzi kwa EEOC, tume ya shirikisho ya usawa kazini, ni ndani ya siku 180 tangu tukio, au 300 kama jimbo lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi huo. Nimewapokea watu wenye ushahidi mzuri ila wamechelewa. Inauma sana.

Mwanafunzi_Sheria: Asanteni. Mama Haki, naweza kuhamia upande mwingine baadaye?

Mama Haki: Unaweza, wengi huhama. Angalia tu mgongano wa maslahi na wateja wa zamani.