Mbao gani ya kulaza boti kwenye trela?

Nahodha wa Kilifi: Wakuu, habari zenu. Nina boti ya faiba, futi 16. Zile mbao mbili za trela zinazobeba tumbo la boti zimeoza, bisibisi inazama kwa kidole kimoja. Fundi anataka msonobari uliotiwa dawa, jirani anasisitiza mvule. Mvule bei yake inauma. Mnashaurije?

Fundi Makame: Mvule kwa trela ni ufahari tu. Chukua msonobari wa inchi 2 kwa 4 uliotiwa dawa, usio na vifundo vikubwa, uusimamishe kwa ubavu usipinde. Ingekuwa boti ya alumini ningekukataza, maana dawa yenye shaba huila alumini. Na usiilaumu bahari! Kinachoozesha ni maji ya mvua yanayolala chini ya zulia linalofunika mbao. Kata na toboa kwanza, halafu paka dawa kwenye vichwa vya ubao na ndani ya matundu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Vichwa vya bolti vizame ndani ya ubao visikwaruze faiba. Vanishi achana nayo, ikipasuka inafungia unyevu.

Nahodha wa Kilifi: Na sifa, yale mafuta ya papa, je? Mzee alikuwa anapaka jahazi zima.

Fundi Makame: Inafaa, ila zulia litanuka papa mpaka shemeji ahame.

Binti Kigamboni: Mimi niliweka vipande vya plastiki badala ya zulia. Maji hayakai, lakini boti huteleza: usifungue mnyororo wa mbele kabla trela haijaingia majini.