Jiko "linachoma kila kitu" kwenye boksi, halichomi chochote kwenye dhamana

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na muda apite tu.

Nazungumzia haya majiko ya chuma ya kupashia nyumba joto, yale yenye mlango wa kioo na bomba linalopanda hadi kwenye dohani, ambayo wauzaji wanayanadi kuwa yanatumia fueli zote. Kuni, makaa ya mawe, anthrasaiti (yale makaa ya mawe magumu yasiyo na moshi mwingi), briketi (vitofali vya fueli iliyoshindiliwa), tia unachotaka. Kwenye boksi la langu wamechora kabisa: picha ya gogo, picha ya makaa, picha ya briketi, na kila moja ina tiki ya kijani. Muuzaji naye akamalizia kwa mdomo wake, "Bosi, hili halichagui. Linakula chochote."

Leo wavu wa ndani, ile chanja ya chuma inayobeba moto, umepinda, bomba lililopita ndani ya dohani limetoboka, na dai langu la dhamana limerudi na jibu la mistari mitatu: mteja amechanganya fueli, dhamana haihusiki.

AMECHANGANYA FUELI! Yaani jiko limeuzwa kwa sababu linachoma kuni na makaa, mteja akachoma kuni na makaa, halafu kosa ni la mteja.

Nikakifungua upya kitabu chao cha maelekezo. Kule nyuma kabisa, kwa maandishi ya kusomea lenzi, wanasema dhamana haihusu wavu, kioo, kamba ya mlango, matofali ya ndani wala bamba la juu linalozuia moto usikimbilie kwenye bomba. Sasa kilichobaki ni nini? Miguu? Kila kinachoguswa na moto kimetolewa, na hili ni jiko. Halafu kuna kifungu kingine: dhamana hufutika ikiwa zitatumika "fueli zisizofaa", na hakuna orodha ya hizo fueli zisizofaa. Tiki za kijani zipo nje kwa rangi, orodha ya makatazo haipo popote.

Ngoja niseme yale ambayo muuzaji alitakiwa kuyasema kabla hajapokea hela, maana haya mambo si siri, kila fundi wa dohani anayejua kazi yake anayajua.

Kuni na makaa ya mawe haviungui kwa namna moja. Ukipasha kuni kavu, sehemu kubwa ya uzito wake, kama asilimia 80, inatoka kama gesi. Ile miali mizuri ya kwenye matangazo ni gesi inayoungua juu ya gogo. Kwa hiyo kuni zinataka hewa itokee juu, na zinapenda kulazwa kwenye tandiko la majivu yake zenyewe. Anthrasaiti ni kinyume chake. Gesi yake haifiki asilimia 10, kilichobaki ni kaboni ngumu inayoungua palepale ilipo, polepole, bila miali mikubwa. Hiyo inataka hewa itokee chini, ipite kwenye wavu, na majivu yatikiswe yaanguke kwenye trei, la sivyo moto unajifia. Ndiyo maana jiko la namna hii lina vidhibiti hewa viwili, cha juu na cha chini. Ukichoma kuni unafunga cha chini moto ukishashika. Ukichoma anthrasaiti unafungua cha chini na cha juu unakiachia upenyo mdogo tu.

Sasa ukichanganya vyote kwa pamoja, unafungua kipi? Niliwauliza kwa barua pepe. Jibu: "Rekebisha kulingana na fueli unayotumia." Asanteni sana.

Tukija kwenye kuni zenyewe. Kioo cha jiko kilianza kuwa cheusi tangu mwanzo, weusi ule wa kung'aa kama lami, unausugua hadi mkono unauma. Muuzaji akasema ni kuni mbichi. Kuni hizo aliniuzia yeye! Zimefungwa kwenye mifuko, zimeandikwa "kavu". Nikanunua kipima unyevu. Wakuu, msipime ncha ya gogo, ncha inadanganya. Lipasueni, halafu chomekeni zile sindano kwenye uso mpya wa katikati. Ncha ya gogo langu ilisoma asilimia 17. Katikati, 31.

Kwa jiko la ndani kuni zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20. Kwa kiwango hicho kilo moja inatoa joto la takribani kilowati-saa 4. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na hapo kilo moja inakupa kama 2 tu. Pande la kilo 2 la mti mbichi limebeba lita nzima ya maji, na hiyo lita lazima uichemshe yote iishe ndipo chumba kianze kupata joto. Mvuke wake unakwenda wapi? Kwenye bomba. Unakutana na moshi uliopoa, vinaganda ukutani kama lami, na lami hiyo ndiyo inayokuja kuwaka siku moja dohani inapolia kama ndege inaruka.

England wameshalimaliza hili kwa sheria. Tangu Mei 2021 huruhusiwi kuuza kuni zenye unyevu unaozidi asilimia 20 kwa mafungu yaliyo chini ya mita 2 za ujazo, na briketi zilizotengenezwa kiwandani lazima salfa yake iwe chini ya asilimia 2. Makaa ya mawe ya kawaida yenye moshi yalipigwa marufuku kwenye mifuko mwaka huohuo, na yale ya kumwagwa kwa jumla yakafuata mwaka 2023. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani kumbana muuzaji. Inawezekana.

Halafu kilowati. Chumba changu ni mita 5 kwa 4 na nusu, dari mita 2.4. Hizo ni mita za ujazo 54. Hesabu ya haraka wanayotumia mafundi ni kugawa kwa 14 kwa nyumba iliyozibwa vizuri kiasi: unapata kama kilowati 4. Mimi nimeuziwa jiko la 8. "Kubwa ni bora, bosi, utalipunguza." Kulipunguza ndiyo nini? Ni kulibania hewa. Na moto wa kuni uliobaniwa hewa hauwi moto mdogo, unakuwa moshi mwingi. Gesi zinatoka kwenye gogo bila kuungua, kioo kinakuwa cheusi, bomba linajaa kreosoti, yaani ile lami ya moshi, na nusu ya hela yako inapaa angani. Jiko dogo linalowaka vizuri linashinda jiko kubwa linalokabwa koo usiku kucha. Lakini jiko dogo lina faida ndogo dukani, si ndiyo?

Sasa bomba. Hapa ndipo damu inaponichemka kabisa.

Makaa ya mawe yana salfa. Yakiungua, salfa inatoka kama gesi. Kuni, hasa hizo za asilimia 31, zinatoa mvuke. Gesi ya salfa ikikutana na mvuke kwenye bomba lililopoa unapata asidi ya salfuriki, ileile ya kwenye betri ya gari. Inatiririka ndani ya bomba taratibu, huku wewe umekaa sebuleni unafurahia joto. Ndiyo sababu yapo mabomba ya daraja mbili ya chuma kisichoshika kutu: 316, ambalo linatosha kwa kuni, na 904, ambalo ndilo linalofungwa kwa anayekusudia kuchoma makaa. La pili ni ghali zaidi. Mnadhani fundi aliyeletwa na duka alinifungia lipi, kwa jiko la "fueli zote"?

Niligundua pale mfagiaji wa dohani alipokuja. Akaingiza brashi, akasikilizia, akaishusha. Akaniita nione. Kwenye sakafu, juu ya turubai lake, kulikuwa na masizi ya njano-kijivu, na katikati yake vipande vya chuma vyembamba kama ganda la yai, vimetobokatoboka. Akasoma namba iliyopigwa kwenye kipande cha juu, akatikisa kichwa. Hakusema neno. Kwenye risiti yangu kumeandikwa "bomba la chuma bora". Daraja halikutajwa.

Akaniambia na jambo jingine ambalo halimo kwenye kitabu chochote nilichopewa: ukishaacha kuwasha moto msimu wa baridi unapoisha, fagia dohani palepale, usisubiri msimu ujao. Masizi ya makaa yakikaa humo yanavuta unyevu wa hewani na asidi inaendelea kula bomba miezi yote ambayo jiko limezimwa.

Wavu nao. Wanadai umepinda kwa sababu sikumwaga majivu. Ni kweli kwamba trei ikijaa majivu hadi yakagusa wavu kwa chini, hewa haipiti, wavu haupoi, na chuma cha kusubu kinalegea na kupinda. Lakini trei yangu naimwaga kila asubuhi, na hilo niliwaandikia. Kilichoupinda ni zile "briketi maalumu" walizonisukumia wao wenyewe, ambazo kwenye mfuko, kwa herufi ndogo, zimeandikwa zina koki ya petroli. Ile ni mabaki ya kusafishia mafuta ghafi. Inawaka kwa joto kali mno, majivu yake ni kiduchu kiasi kwamba hayaachi tandiko la kuukinga wavu, na salfa yake mara nyingi ni nyingi. Watengenezaji wengi wa majiko wanaikataza kabisa. Duka moja, kaunta moja: huku wanauza jiko, huku wanauza kinachoua jiko.

Na kuna hili, ambalo siyo la hela. Kaboni monoksaidi. Makaa yanayofifia taratibu, bila moshi wowote wa kuonekana, yanatoa gesi hiyo kwa wingi, na haina harufu. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bomba likitoboka, inaweza kuvuja kupitia ukuta wa dohani hadi chumba cha juu ambako watu wamelala. Fundi alifunga jiko la kilowati 8 kwenye nyumba yenye madirisha yaliyozibwa, bila kutoboa tundu la hewa ukutani na bila kuweka kengele ya gesi. Ukiwasha feni ya kuvuta harufu jikoni, moshi unarudi sebuleni, maana feni inatafuta hewa na mahali pekee pa kuipata ni kwenye dohani. Nilipomwambia alijibu, "Usiiwashe hiyo feni." Kengele nilinunua mwenyewe. Aliye na jiko la aina yoyote na hana kengele, auache uzi huu hapa akanunue kwanza.

Mpaka sasa duka linasema niende kwa fundi, fundi anasema alifunga alichopewa na duka, mtengenezaji anasema nizungumze na duka. Nimezunguka hapo hadi nimewakariri sauti.

Najua kuna wataalamu watakuja hapa na "ungetafiti kwanza". Sawa mkuu, lakini kazi ya tiki ya kijani kwenye boksi ni ipi? Mtu ananunua jiko la fueli zote ili kuni zikiadimika achome anthrasaiti, na anthrasaiti ikipanda bei arudi kwenye kuni. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kulipa zaidi ya jiko la kuni tupu. Wangeandika wazi: fueli moja kwa wakati mmoja, kuni chini ya asilimia 20, hakuna koki ya petroli, bomba la 904 au usiguse makaa. Mistari miwili tu, ingeenea palepale penye ile picha ya gogo. Hawakuandika kwa sababu jiko lisingetoka dukani haraka.

Sijalala kwenye hili. Nataka bomba jipya la 904 kwa gharama yao, wavu mpya, na nimeshawaandikia hivyo, nikaambatanisha risiti ya zile briketi za kaunta yao na maelezo ya mfagiaji yenye sahihi yake.

Ninachoomba kwenu: kuna aliyewahi kushinda dai ambapo tangazo linasema kitu na dhamana inasema kingine? Ulishika lipi, boksi au kitabu? Boksi bado ninalo, nimelitunza. Na aliyebadilisha wavu wa chuma cha kusubu, je, unauzwa peke yake au wanakulazimisha ununue fremu nzima? Picha za bomba naziweka kwenye komenti ya kwanza zikikubali kupanda, faili ni kubwa.