Feni ya injini ya Land Rover Defender 300Tdi imegoma kutoka, msaada wakuu

Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini, nataka kubadili wota pampu ila feni haitoki, tangu asubuhi nimening'inia kwenye spana 32 mpaka viganja vimechubuka, fundi jirani anasema tuikate na msumeno. Tufanyeje?

— Usikate chochote! Hiyo nati inayoshika feni thredi zake ni za kushoto. Simama mbele ya gari uangalie injini, zungusha kama mshale wa saa unavyoenda, yaani upande uliozoea kukazia. Nahisi tangu asubuhi unaikaza tu 😂

— Mkuu hapo juu kamaliza. Mimi naongezea, mkanda usiutoe kwanza, ndio unashikilia puli, halafu usivute spana taratibu, igonge kwa nyundo kavu mara moja ya ghafla. Ila usigonge mapanga ya feni wala rejeta, huku Kigoma mwaka jana nilitoboa rejeta yangu nikalala Kasulu.

— Ikitoka isimamishe kama inavyokaa kwenye gari, usiilaze, ina mafuta ndani.

— Imetoka! Pigo la pili tu. Fundi kanuna kaenda kunywa chai