Makumbusho ya watoto Mbeya: tangazo "njoo ushike ujaribu", ukifika ndani "USIGUSE"

Wakuu, habari za jioni. Leo nimevurugwa, mnivumilie.

Kuna sehemu hapa Mbeya mjini, jina naliweka kapuni kwa sasa, inajitangaza mitandaoni kuwa ni makumbusho ya watoto ya kushika na kujaribu vitu. Picha za tangazo ni watoto wamelowa maji mpaka kwenye viwiko, wanacheka. Nikabeba wangu wawili, wa chekechea na wa darasa la pili, na mtoto wa dada yangu aliyekuja likizo kutoka Tukuyu. Mkubwa elfu kumi, mtoto elfu saba. Nikalipa bila kinyongo.

Ndani sasa. Sumaku zimefungiwa kwenye kabati la kioo. Narudia: sumaku, ndani ya kioo! Mtoto wa miaka mitano anajifunza nini kwa kuiangalia sumaku imekaa? Meza ya maji kavu kabisa, juu yake kuna ndoo na dekio. Gia zimezungushiwa kamba. Na kila ukuta umebandikwa USIGUSE, tena kwenye usawa wa macho ya mtu mzima, wakati nusu ya wageni hata kusoma hawajaanza. Basi kazi ya kusoma ikawa yangu: acha, shusha mkono, rudi nyuma, nimesema acha! Nimelipa hela nikawe askari magereza wa wanangu.

Nikamuuliza mhudumu kwa adabu, dada, mbona tangazo linasema vingine? Akanijibu, "Baba, watoto wanaharibu vitu."

Hivi jamani! Watoto wanaharibu vitu ndiyo habari mpya? Ukifungua sehemu ya watoto kushika vitu, kuharibika kwa vitu ndiyo biashara yenyewe, unapanga bajeti yake kabla hujanunua hata rangi ya ukuta. San Francisco kule Marekani, mwanafizikia Frank Oppenheimer alipofungua Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya kushika na kujaribu, mwaka 1969, karakana aliiweka humo humo ndani, wageni wanawaona mafundi wakitengeneza. Najua kuna mtu atasema ile ni Marekani, wana hela. Hela gani? Hapa tuna mafundi wa SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wanaotengeneza mashine za kukoboa mpunga zinazopigwa kazi kutwa. Mpe fundi vyuma na mbao za mninga, akutengenezee gia ambazo mtoto hata akizipanda hazing'oki. Ila ukiagiza plastiki laini kwa ajili ya kupiga picha za tangazo, lazima uzifunge kamba.

Choo sinki liko juu, mtoto anabebwa kunawa. Hilo naliacha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kimondo cha Mbozi kipo njia ya Tunduma tu hapo. Jiwe lina urefu wa kama mita tatu, uzito wake unakadiriwa tani 12 au zaidi, na sehemu kubwa ni chuma. Mtoto analishika kwa viganja vyote viwili. Ukienda na sumaku uliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, inanasa, halafu utaulizwa maswali njia nzima mpaka Mbalizi. Kitu kilichotoka angani kinashikwa, kipande cha sumaku cha dukani hakishikwi!

Nimedai hela yangu, nikaonyeshwa maandishi nyuma ya risiti: hairudishwi. Sawa. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na zile picha za tangazo nimezihifadhi zote. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko FCC, yaani Tume ya Ushindani, aniambie wanataka vielelezo gani, na kama inabidi niende mwenyewe au barua inatosha.

Na nyie wa "si ungewapeleka Dar", nauli mtanilipia?