Mlango wa klabu za kifahari: baunsa ana haki ya kuchagua nani aingie?

Mleta mada:
Wakuu, wala bata wote wanalijua hili ila hatulisemi. Kwenye klabu na launji za kifahari za miji mikubwa, baunsa anakukagua kuanzia viatu kwenda juu, kisha anaamua. Wadada wanne wanapita bure. Masela wanne walio nyuma yao wanaambiwa "leo ni kwa waalikwa tu", na hao wadada hawakuwa na mwaliko wowote. Akifika aliyelipia meza, kamba inafunguliwa kabla hajataja jina.

Mimi nasema si sawa. Ukishafungua biashara kwa umma, kiingilio kiwe kimoja kwa wote, na masharti ya mavazi yatangazwe mapema, mtu ajue kabla hajachoma nauli. Kule California mahakama yao ya juu iliamua tangu 1985 kwamba kumpa mwanamke punguzo kwa sababu tu ni mwanamke ni ubaguzi, iwe ni kuosha gari au kuingia klabu. Karibuni tubishane.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, unataka klabu iwe stendi ya mabasi? Watu wanalipia huohuo uteuzi unaoulalamikia. Klabu ya Studio 54 ya New York ilipofunguliwa 1977, Steve Rubell, mmoja wa wamiliki, alikuwa anasimama nje mwenyewe kuchagua wa kuingia. Na hakutafuta pesa tu, alichanganya mastaa na vijana wasiojulikana. Jaza matajiri watupu uone: watu wameshika glasi, wanatazamana, hakuna anayecheza.

Mchangiaji wa 2:
Jamani, sisi "tunaopita bure" tunalipa kwa njia nyingine. Promota analipwa kwa kuleta wasichana. Unapangwa meza ya mtu usiyemjua, unamiminiwa kutoka chupa ambayo hukuichagua, na ukiaga saa saba usiku promota ananuna, maana meza ikibaki na wanaume watupu mwenye chupa haagizi ya pili. Siku hizi nalipa kiingilio changu na nakaa ninapotaka. Kwa hiyo kaka mleta mada nakuunga mkono, ila si kwa sababu yako. Unaona ninyi mnaonewa, wakati hapo bidhaa ni sisi.

Mchangiaji wa 3:
Nimewahi kufanya kazi kaunta ya klabu ya aina hiyo. Chupa inayokuja mezani ikiwa na fataki inayowaka shingoni, wahudumu watatu nyuma yake na dijei anataja jina la mteja, ndani yake ni kinywaji kilekile cha dukani. Mteja ananunua kuonekana. Meza chache ndizo zinabeba bili za usiku mzima, ndiyo maana mlango unawanyenyekea.

Ila mnabishania kuingia tu, mimi kinachonitisha ni kutoka. Santa Maria, Brazil, Januari 2013, fataki ya jukwaani ilishika sponji ya dari kwenye klabu ya Kiss, wakafa watu 242. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, na walionusurika walisimulia kuwa mwanzoni mabaunsa waliwazuia wakidhani wanakimbia bili. Sasa nikiona fataki juu ya chupa chini ya dari fupi, natafuta mlango wa pili kwanza.

Mleta mada:
Dada, hoja yako nzito, na kiingilio kimoja kingewamaliza hao mapromota. Mchangiaji wa 1, huyo Rubell wako alihukumiwa kifungo 1980 kwa kukwepa kodi. Tusimfanye mwalimu wetu.

Mchangiaji wa 1:
Kodi na mlango wapi na wapi, mkuu? Hata hayo masharti unayotaka yatangazwe, klabu nyingi tayari zinayo. Raba zilezile zikivaliwa na mchezaji maarufu wa mpira zinapita, ukivaa wewe unaambiwa kaa pembeni. Bandika karatasi ukubwa wa ukuta, baunsa atakutafutia sababu nyingine.