Pawa soo inavuja oili ya cheni ikiwa imezimwa: nibadilishe pampu?

MpogoaMiti_Kangemi

Wadau, habari za jioni. Kazi yangu ni kupogoa miti: mijakaranda ya Lavington na Kileleshwa, na mikaratusi inayoegemea nyaya za stima huku kwetu Kangemi. Pawa soo yangu ni msumeno wa petroli, wa ukubwa wa kati, na kazini hauna neno. Nikielekeza ncha ya upanga (kile chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka) kwenye gogo jeupe na kuongeza moto, naona oili ikichora mstari mwembamba juu ya mbao. Kwa hivyo cheni inapata oili yake.

Shida ni ukipumzika. Nauweka stoo, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Asubuhi nikiangalia, kuna doa dogo tu chini yake. Siku nisiyo na kazi, nikipita hapo saa tisa mchana nakuta oili imetambaa mpaka ukutani na tangi limepungua vibaya. Majuzi niliubeba kwenye buti la gari la mteja kwenda Limuru, zulia likalowa, na pesa ya kuliosha ikatolewa kwenye malipo yangu.

Fundi mmoja amesema pampu imekufa, na bei aliyotaja inaumiza. Kabla sijaitoa hiyo pesa, kuna aliyewahi kukutana na jambo hili?

JuaKali_Umoja

Pole kaka. Geuza msumeno uangalie chini, upande wa injini. Misumeno mingi huwa na skrubu ndogo ya kupunguza oili. Izungushe kidogo, itatulia.

Fundi_KirinyagaRoad

Ndugu wa Umoja, hapo sikubaliani nawe. Skrubu hiyo inapima oili wakati pampu inazunguka. Pampu inaendeshwa na injini, na injini ikizimwa pampu nayo imesimama, kwa hivyo hata ukiikaza mwisho, oili inayovuja msumeno ukiwa umepumzika haikusikii. Utakachopata ni cheni kavu, na upanga ulioungua kingo mpaka ukawa wa bluu. Mapanga ya namna hiyo naletewa hapa kila mara, na karibu yote yalikuwa bado na maisha.

Sasa wewe wa Kangemi. Maelezo yako ni mazuri kuliko ya wateja wangu wengi, na jibu limo humo humo. Usiku oili inatoka kidogo tu, mchana inatoka sana, na ukipanda Limuru inatoka. Hiyo ni hewa. Juu ya oili ndani ya tangi kuna hewa, na kibanda cha mabati kikipata jua, hewa hiyo inapanuka na kutafuta njia. Tundu la kupumulia la tangi, kwenye misumeno mingi, lina kivali kidogo kinachoruhusu hewa kuingia lakini si kutoka. Basi hewa inaisukuma oili ipite kwenye pampu na kutokea pale upanga unapofungwa. Limuru ni hivyo hivyo: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru inapita 2,000, na kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu wakati ile ya ndani ya tangi imebaki na nguvu ile ile ya Nairobi.

Usinunue pampu. Pampu iliyokufa haichori mstari kwenye gogo.

Fanya hivi kesho. Chomoa kofia ya plagi kwanza. Fungua kifuniko cha pembeni, toa cheni na upanga, kisha safisha pote kwa brashi na petroli kidogo, nje, mbali na jiko. Usiruke hatua hii. Unga wa mbao uliolowa oili hujazana nyuma ya klachi ukaganda kama ugali, na huo peke yake hudondosha oili saa nyingi baada ya kazi ukadhani tangi limetoboka. Ukishakausha, jaza tangi nusu, weka msumeno juu ya katoni safi mahali penye kivuli, na uangalie oili inaanzia wapi. Ikitokea kwenye kile kitundu kinacholisha upanga halafu ikakoma, ni hewa. Ikiendelea mpaka tangi likaisha, hapo tafuta ufa kwenye mpira wa oili, gasketi ya pampu au tangi lenyewe. Ikizunguka kifuniko cha tangi, ni ile ringi ya mpira, kitu cha bei ndogo kabisa.

Ukilazimika kufungua klachi kufikia pampu, kumbuka nyingi zina nyuzi za kinyume: zinafunguka kwa kuelekea upande wa mshale wa saa. Watu wanazivunja kwa nguvu za bure.

Mama_Miche_Ruiru

Mimi nina kitalu na vijana wangu wanatumia msumeno, naomba niulize: ni oili gani unaweka? Kwa sababu wengi wanaweka ile oili chafu iliyomwagwa gereji. Ni nyepesi, inapenya kila mahali, na ina vumbi la chuma linalokula pampu. Zaidi ya hayo, oili ya cheni hairudi kwenye tangi. Yote inaishia kwenye udongo, kwenye nguo na kwenye mikono ya huyo kijana, na oili chafu ikigusa ngozi muda mrefu inaweza kuleta saratani. Kwangu nimeipiga marufuku. Oili halisi ya cheni inanata, haikimbii ovyo. Ikikosekana, afadhali oili mpya ya injini, SAE 30 (namba ya uzito wa oili, imeandikwa kwenye kopo).

MpogoaMiti_Kangemi

Asanteni sana. Mama, naweka ya cheni, ya dukani. Fundi, nimefanya ulivyosema. Kwenye katoni, kivulini, limetoka tone moja moja kwenye kitundu cha upanga kisha likakoma. Halafu nikauweka stoo mpaka mchana, na nilipolegeza kifuniko cha tangi hewa ikatoka kwa kishindo. Nizibue lile tundu la kupumulia kwa waya?

Fundi_KirinyagaRoad

Usitie waya. Kile kivali ni mpira mwembamba, ukiutoboa oili itaanza kutokea hapo pia. Kipulize taratibu kwa hewa ya kompresa, au kibadilishe ukiona kimechanika. Kikiwa kimeziba utajua ukiwa kazini: ukifungua tangi, hewa inavutwa ndani, na kabla ya hapo cheni inakuwa imeanza kukauka. Kwako hewa inatoka nje, kwa hivyo hilo ni joto tu. Ukimaliza kazi, acha msumeno upoe, legeza kifuniko hewa itoke, kaza tena. Utoe kwenye mabati, uweke ndani ya nyumba penye ubaridi. Ukijua utakaa wiki bila kazi, mwaga oili yote kwenye mtungi wake. Na ukienda Limuru tena, beba tangi likiwa tupu, ujazie huko huko.

JuaKali_Umoja

Fundi, nimekusikia. Skrubu yangu nairudisha ilipokuwa leo hii.