Mgogo aachane na uwele na mtama, ahamie zabibu na kazi za mjini? Tujadili

Mwana wa Hombolo:
Mbukwenyi wadau. Mvua za Dodoma zinaanza Desemba, zinakata Aprili, mwaka wa kawaida ni milimita 550 hadi 600, na katikati jua linapiga wiki mbili tatu mfululizo. Vijana wa Mvumi, Bahi na Chamwino wanahamia zabibu, alizeti, bodaboda, mkaa. Nawaunga mkono. Uwele unajaza ghala lakini haulipi ada ya shule. Na tuambizane ukweli, kuberega, yaani kupanda bila kulima, ni kilimo cha wavivu.

Jembe Halichoki:
Mkuu, hapo kwenye uvivu umetutukana. Watu wanafyeka na kukusanya mabua wakati wa kiangazi, wanachoma, mvua ya kwanza ikishuka wanafukia mbegu bila kulima. Ukisubiri ardhi ilainike ndipo ulime ekari nzima kwa jembe la mkono, Januari inaishia hapo, na uwele wako unakauka ukiwa unatoa masuke. Kuberega ni kuiwahi mvua. Uvivu uko wapi?

Bwana Shamba Mstaafu:
Ndugu Jembe, sababu hiyo ni ya kweli, ila hasara ipo. Udongo mwekundu usioguswa unafanya ukoko, mvua kubwa ya nusu saa yote inakimbilia korongoni. Mizizi inabaki juu juu. Ukichoma mabua umechoma mbolea, na shamba lililochoka ndilo makazi ya gugu la kiduha, kinanyonya mizizi ya mtama hata kabla hakijachomoza.

Dawa yake ilianzia hapa hapa kwetu, mashimo ya Chololo. Upana sm 22, kina sm 30, shimo hadi shimo sm 60, mstari hadi mstari sm 90. Udongo unaotoka uwe kingo kuzunguka shimo. Ndani tia majivu kidogo ya kufukuza mchwa, samadi na mabua, kisha rudisha udongo bila kujaza, maji yapate pa kutuama. Wengi wanakosea hapo: wanajaza shimo hadi juu, halafu wanasema halifai.

Jembe Halichoki:
Piga hesabu mzee wangu. Ekari ni mita za mraba 4,047, kila shimo linakula 0.54. Hayo ni mashimo 7,500 hivi! Nani anayachimba, mama mwenye watoto wadogo?

Bwana Shamba Mstaafu:
Anaanza na robo ekari, baada ya mavuno, kidogo kidogo hadi Novemba. Msimu unaofuata mashimo ni yale yale, anaongeza samadi tu.

Mkasi wa Mpunguzi:
Mnabishania mashimo wakati mleta mada ametaja zabibu kwa wepesi mno. Ukipanda mita 3 kwa 1.5, ekari inabeba miche 900. Nguzo kila mita 6 ni zaidi ya 220, waya nyuzi mbili ni karibu mita 2,700. Nguzo isiyotiwa dawa inaliwa na mchwa, mstari unalala chini na matunda yake.

Ukipogoa, unavuna baada ya miezi minne hivi. Mavuno ya Februari na Machi yanakutana na mvua: ugonjwa wa ubwiri unashambulia, sukari inashuka, na mnunuzi wa mvinyo anapima sukari kabla ya kupanga bei. Dawa ya salfa ipigwe mapema, ukishaona vumbi jeupe kwenye vichala umechelewa. Mavuno ya Agosti na Septemba ni matamu, ila bila maji ya kumwagilia usiyategemee. Zabibu iliyokatwa haisubiri. Mwenye mapipa atakamua auze mchuzi wa zabibu, yaani maji yake ya kutengenezea mvinyo, asiye nayo atapokea bei yoyote anayotajiwa.

Kizota Kwetu:
Auze shamba, mji umemfuata. Tangu Magufuli aamue makao makuu yaje Dodoma, viwanja vinalipa kuliko mtama.

Dada wa Kongwa:
Uamuzi ni wa 1973, enzi za TANU na Mwalimu. 2016 ulisimamiwa utekelezaji. Na kaka, hela ya kiwanja inanunua bodaboda moja. Ikichakaa, shamba limeshakuwa nyumba ya mtu.

Mtama unaangushwa na soko. Viwanda vya bia vinataka mweupe, kama mbegu ya Macia, na kwelea kwelea nao wanautaka huo huo. Mwekundu una ukakasi, ndege wanaukwepa, na mnunuzi naye anaukataa. Hilo ndilo linalomtoa kijana shambani.

Jembe Halichoki:
Asante dada. Ila bado nasubiri uvivu ufutwe. Na bwana shamba, kwenye kichanga mashimo yako hayabomoki?

Bwana Shamba Mstaafu:
Yanabomoka. Kwenye kichanga tupu usichimbe, maji yanazama yenyewe. Hapo berega, ila usichome.

Jembe Halichoki:
Nisipochoma, wadudu bungua wa mabua wanalala humo humo hadi msimu ujao.

Bwana Shamba Mstaafu:
Yakate yalaze chini yapigwe na jua wiki kadhaa, wanakufa.

Dada wa Kongwa:
Mabua gani hayo, mzee? Mavuno yakiisha mifugo inaachiwa mashamba yote. Kufika Septemba hukuti bua hata moja. Kwanza mkubaliane na wenye ng'ombe.